Waliokisoma Kitabu cha Kadzo

Jumapili ile ya Agosti, ibada ilipokwisha, Mirriam alishikwa mkono na wanawake saba kabla hajafika kwenye lango la kanisa, na wote saba walimpa pole. Msiba hakuwa nao, wala mgonjwa. Pole ya kwanza aliipokea akidhani mwenzake amemfananisha na mtu mwingine. Mwanamke wa nne alimtazama mdomoni, pale penye pengo la jino la mbele, kisha akainamisha macho upesi kama aliyechungulia bafu akamkuta mtu. Hapo Mirriam akajua kwamba kitabu kilifika kanisani kabla yake.

"Pole ya nini, Jacinta?" alimwuliza wa saba, mwanamke wa bara aliyekuwa jirani yao huko Ganjoni.

"Ya jino, Mama Kiti," Jacinta akajibu kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii ukituambia ni ndoo ya kisimani."

Mirriam akavuta leso yake begani. "Na ndoo nayo ilikuwapo," akasema, akaenda zake.

Kitabu chenyewe kilichorwa na binti yake, Kadzo, mwalimu wa sanaa katika shule moja ya msingi. Kilikuwa na kurasa sitini na nne za picha nyeusi na nyeupe, maneno machache chini ya kila picha, na jina lake *Baba Alala Chini*. Nusu ya kwanza ilikuwa vita. Mzee Ngowa Dzoro, baba yake Kadzo na mume wa Mirriam, alikuwa humo kijana wa Kigiriama aliyevaa kaptura ya KAR, jeshi la Mwingereza, anapanda meli Kilindini, anatembea Burma katika mvua isiyokatika, anasukuma nyumbu matopeni. Hayo Mzee aliyasimulia mwenyewe, kwa raha, jioni baada ya jioni, na Kadzo akiandika.

Nusu ya pili ilikuwa nyumbani. Mtu amerudi lakini hawezi kulala kitandani. Ngurumo zikipiga anaingia chini ya meza. Halafu ikaja ile picha ya mwaka wa hamsini na nne: mtoto anapiga sufuria kwa mwiko, baba anaruka kutoka mkekani na ngumi imekunjwa, mama yuko katikati. Hayo Mzee hakuyasimulia. Aliyasimulia Mirriam, jikoni, kidogo kidogo, akichambua mchicha. Hakufikiri kwamba maneno ya jikoni yanaweza kupigwa chapa.

Mzee ndiye aliyepewa nakala ya kwanza ya kitabu. Alikisoma asubuhi nzima akifuata maneno kwa kidole. Alipomaliza alikifunga, akakiweka juu ya kabati la vyombo, akaomba chai. Jumapili hiyo ilikuwa siku ya sita tangu akisome, na alikuwa hajakitaja.

Alasiri hiyohiyo Kiti, mwana wao mkubwa, alikuja kutoka Makupa alikokuwa msimamizi wa malori. Alikuwa na nakala sita kwapani, zote alizozikuta kwa muuza vitabu. Hakukaa.

"Umemvua baba nguo mbele za watu," akamwambia dada yake. "Madereva wangu wananiuliza kama na mimi nalala chini."

"Uongo uko ukurasa gani, kaka?" Kadzo akauliza.

"Nani aliyetaja uongo? Ungekuwa uongo tungeucheka, tukanyamaza."

Mzee alikuwa papo hapo, kwenye kiti chake cha dirishani, mikono juu ya bakora. Kiti akamgeukia. "Baba, mwambie. Vilivyobaki kwa mpiga chapa avikusanye avichome. Neno lako moja tu."

Mzee aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja, kana kwamba yeye ndiye mgeni na wao ndio wenyeji. Kisha akainuka, akafungua mlango, wakamsikia akishuka ngazi polepole. Hakuna aliyemfuata.

Kiti akaketi sasa, mahali palepale alipotoka baba yake. Akakifungua kitabu kimoja kwenye ile picha na kukielekeza kwa mama yake. "Huyu mtoto mwenye mwiko ni nani?"

Mirriam aligeuza uso dirishani.

"Ni mimi? Mama, nakuuliza. Ile ngumi ilikuwa yangu?"

"Ulikuwa na miaka minne."

"Sikuuliza miaka."

"Ilikuwa yako," Mirriam akasema. "Nilipita katikati."

Kiti alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, na watoto wanne, na sauti iliyozoea kufokea malori. Aliketi akiutazama ule mwiko uliochorwa. Alipoondoka alivisahau vitabu vyake vyote sita, na Kadzo akaviokota akavirudisha kwenye sanduku pamoja na vingine.

"Ningekuuliza kwanza, Mama," Kadzo akasema akiwa ameinama.

"Ungeniuliza ningekataa."

"Ndiyo maana sikuuliza."

"Basi usiniombe radhi. Umelijua ulilolifanya, ukalifanya." Mirriam akaenda kuteleka mchele, na siku ile hawakuzungumza zaidi.

Jumatatu alipeleka kitambaa mtaani Kuze kwa Bi Rukiya, mshonaji wake, ambaye walijuana tangu wote wawili wakiwa wasichana. Bi Rukiya alikuwa kibarazani na cherehani. Pembeni ya mkasi, chini ya tepu ya kupimia, kilikuwako kitabu.

"Na wewe!" Mirriam akasema.

"Njoo, keti. Mjukuu wangu amenisomea. Mengine sikuhitaji kusomewa." Bi Rukiya alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Umekasirika?"

"Kanisani wananipa pole kama niliyefiwa. Kila mmoja anataka kuniona nikicheka aone pengo. Halafu wananiambia, mumeo si kosa lake, ni vita, ni vita tu. Mchungaji mwenyewe amesema hivyo. Nao wanaosema hivyo wanamsikitikia yeye, Rukiya. Mimi wananitazama tu."

Bi Rukiya alikata uzi kwa meno. "Mie wangu hakwenda vita vyovyote, shoga. Alikuwa karani wa forodha. Akivaa koti jeupe, akitia marashi. Na mkono huu," akaukunja wa kushoto, ambao kiwiko chake hakikuwa kikinyooka sawasawa, "nawe uliambiwa ni ngazi."

Mirriam aliutazama ule mkono ambao aliuona miaka thelathini. "Niliambiwa ni ngazi," akakubali.

"Haya. Sasa tuonyeshe kitambaa. Wataka mikono mirefu au mifupi?"

Walizungumza mikono ya nguo mpaka adhana ya adhuhuri. Lakini wakati wa kuagana Bi Rukiya alimshika mkono akamwambia, "Mwambie Kadzo amenichora na mie bila kujua. Mwambie sina ugomvi naye."

Si wasomaji wote waliokuwa hivyo. Jumanne ilikuja zamu ya Mzee Chirau, naye mwanajeshi wa zamani, aliyepanda ngazi za Ganjoni akihema na nishani zake mbili zimebandikwa kifuani kwa pini. Hakumwangalia Kadzo. Alimwendea Ngowa moja kwa moja.

"Miaka hamsini imetimia tangu vita viishe, dunia nzima inatusifu. Huko Ulaya wazee wenzetu wanapigiwa bendi. Sisi binti yako anatuchora tunalia chini ya meza! Mimi nimeulizwa na mke wangu, na wewe hulia? Nimeulizwa ndani ya nyumba yangu!"

Mirriam alileta chai na mahamri, akasimama mlangoni na sinia. Alitaka kusikia. Mzee Ngowa alimwacha mwenzake amalize yote, akakoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nawe ukamjibu nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mkeo. Alipokuuliza kama hulia."

Mzee Chirau akanyoosha mkono kwenye mahamri. Alikula hamri moja, akanywa chai, akazungumzia maji ambayo hayakutoka mferejini kwake wiki nzima. Alipokwenda zake, Mirriam aliona kwamba alizibandua nishani na kuzitia mfukoni. Mume wake naye akarudi kwenye ukimya wake, lakini Mirriam alikuwa ameshaonja neno lake, na sasa ule ukimya ulimuudhi kuliko mwanzo.

Alhamisi asubuhi akabisha mwanamke wasiyemjua. Alikuwa mnene, wa miaka hamsini na ushei, amejifunga leso mbili, na viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa makumbi ya nazi. Kitabu alikuwa amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki kama dawa.

"Hapa ndipo kwa mwalimu Kadzo?"

"Ndipo. Karibu, ndugu yangu. Huyu ndiye Kadzo, na huyu ni baba yake. Mimi ni mama."

Mgeni aliwaamkia wazee, akakataa maji, akakataa chai. "Mimi naitwa Mapenzi. Nauza nazi Makupa, lakini kwetu Kaloleni. Nimekuja kwa sababu ya ukurasa wa thelathini na moja."

Kadzo aliujua bila kufungua. Ulikuwa ukurasa wenye picha moja tu kubwa: mto Chindwin, huko Burma, umefurika, mvua, kamba imevutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na katikati askari mmoja anachukuliwa na maji. Uso wake hauonekani. Mgongo tu, na mkono umeinuliwa, na mkono wa pili, wa Ngowa, umebaki mtupu juu ya maji. Chini yake yaliandikwa maneno mawili: *Kazungu akateleza.*

"Babangu aliitwa Kazungu wa Ngumbao," Mapenzi akasema. "Aliondoka mimi nikiwa tumboni. Barua ya serikali ikasema amepotea. Haikusema amekufa. Mamangu alikwenda mara tatu kwa DC kuuliza, mtu aliyepotea hutafutwa wapi? Matanga hayakuwekwa, maana aliyepotea huenda akarudi. Mama hakuolewa tena, maana ni mke wa mtu. Watu wakasema Kazungu amepata mke huko Bara Hindi, amemtupa Dama na mimba yake. Mimi nimekua naitwa mtoto wa aliyepotea. Sasa juzi binti yangu ananiletea kitabu, naona jina, naona mto." Akamtazama Kadzo. "Nataka kujua, mwalimu. Picha hii ni kweli, au ni ya kupambia kitabu?"

Kadzo alimtazama mama yake kwanza. "Mimi sikuwako, dada. Mama alimsikia baba akiita usingizini. Miaka mingi. Akisema, Kazungu, shika. Shika, Kazungu. Na mto baba alinisimulia. Mimi nikaviunganisha. Nikachora alivyoteleza."

"Si kweli," Mzee Ngowa akasema.

Alikuwa ameshainuka. Alilifikia kabati la vyombo, akakishusha kitabu chake, akavaa miwani na kuutafuta ukurasa bila haraka. Akauweka wazi mezani mbele ya mgeni, akaugusa ule mkono kwa kidole.

"Hapa binti yangu amekosea. Amechora mkono wa Kazungu umeteleza. Haukuteleza. Alinishika vizuri sana. Mimi ndiye niliyemwachia."

Mirriam alijikuta ameketi, bila kukumbuka alivyoketi.

"Mkono huu ulishika kamba," Mzee akasema, akiwaonyesha, "huu ukamshika yeye. Hakujua kuogelea. Mtu wa Kaloleni ataogelea wapi? Na mzigo alikuwa nao mgongoni. Nikazama mara ya kwanza, nikazama ya pili. Ya tatu nikajua tutakufa sote wawili. Nikafungua vidole." Alivifungua. "Alisema, Ngowa, usiniwache. Nikavifungua."

"Na hiyo barua?" Mapenzi akauliza. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Jioni afande aliuliza nani aliyemwona Kazungu. Nikasema sikumwona. Ningesema nimemwona akifa maji, angeniuliza, wewe ulikuwa wapi? Basi wakaandika amepotea. Neno hilo ni langu, si la serikali."

"Kaloleni si mbali, Mzee."

"Nilifika. Mwaka wa arobaini na sita. Nikaonyeshwa nyumba kutoka dukani. Nikaona mwanamke anatwanga na mtoto mgongoni. Nikanunua sukari ratili moja, nikarudi Mombasa."

Mapenzi alikifunga kitabu cha Mzee, akakisukuma kwake, akakaza fundo la mfuko wake wa plastiki. "Yule mtoto ni mimi," akasema. "Na yule mwanamke yu hai. Jumamosi utakuja umwambie haya, kwa mdomo wako, mbele ya watu wa nyumba."

"Nitakuja."

"Usipokuja nitarudi hapa, Mzee, na sitarudi peke yangu."

"Nitakuja, mwanangu."

Kadzo alimsindikiza mgeni hadi barabarani. Mirriam aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Miaka arobaini na minane alilala karibu na jina lile. Alilijua kuliko majina ya shemeji zake. Alidhani ni jina la rafiki aliyeliliwa, na kwa ajili ya rafiki huyo alisamehe mengi, mengi mno. Sasa alijiuliza alikuwa akimsamehe nani.

Mzee akaja mlangoni. Akaivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia kama mtoto, magoti juu.

"Yule amekuja mara moja tu," Mirriam akasema bila kugeuka. "Hata chai hakunywa. Akauliza, ukamjibu. Mimi nimekupikia tangu mwaka wa arobaini na saba."

"Wataka niseme nini?"

"Lile unalolijua. Kitabu kimelisema, Kadzo amelisema, Jacinta amelisema kanisani. Aliyebaki ni mwenyewe."

Alisubiri. Maji yalikuwa yakidondoka katika beseni, na yeye akafikiri, akinyamaza tena leo nitahamia kwa Kiti. Nitachukua leso zangu na sufuria ndogo. Alikuwa ameshaanza kuzihesabu zile leso.

"Nilikupiga," Mzee akasema. "Hukugongwa na ndoo. Ulimkinga mtoto nikakupiga wewe, na asubuhi yake mimi ndiye niliyekufundisha la kuwaambia watu. Nilikuambia, sema ni ndoo. Nikakusikiliza mpaka nikahakikisha umelisema vizuri."

Mirriam aliufunga mfereji. Hilo la kufundishwa hakuwa amemwambia Kadzo. Alidhani mwenzake amelisahau, na kwa sababu hiyo yeye naye amekuwa akijifanya kwamba lilitoka kichwani mwake.

"Nimesikia," akasema.

Hakusema amesamehe, na Mzee hakuuliza. Alikaa palepale juu ya mbuzi mpaka Mirriam alipomwambia ainuke, anataka kukuna nazi. Mumewe alipoinuka, Mirriam akaongeza, "Kiti ndiye atakayetupeleka Jumamosi. Na njiani utamwambia yale ya ule mwiko, kwamba kosa halikuwa lake. Mimi nimechoka kuwa mdomo wako."

Jumamosi Kiti aliazima pikapu ya kazini. Mzee alikaa mbele naye, Mirriam na Kadzo nyuma. Kupitia kioo Mirriam aliona midomo ya mumewe ikienda kutoka Makupa mpaka karibu na Mazeras, na Kiti akitazama barabara tu. Baada ya hapo Kiti alisimamisha gari pembeni, akashuka, akasimama akiipa barabara mgongo. Aliporudi akaliwasha tena, wakaendelea.

Nyumbani kwa kina Kazungu walikuwa wametandika mikeka uani na kuleta viti vya kukodi. Watu walikuwa zaidi ya thelathini. Bi Dama alikuwa mwanamke mdogo aliyekauka, sikio moja halisikii, ameketi mkekani na miguu ameinyoosha. Mzee Ngowa alikataa kiti. Alisimama, akayasema yote kwa Kigiriama, tangu kamba mpaka ratili ya sukari, na mahali pengine ilimbidi ayarudie kwa sauti kubwa ili lile sikio zima liyapate. Kuyasema mara moja ni shida. Yeye aliyasema mara mbili.

Kijana mmoja wa ukoo, Kingi, aliruka juu. "Umemuua, halafu ukamfunga mjane wake miaka hamsini! Na umekuja na gari!" Wengine wakamuunga mkono, na Kiti akasogea karibu na baba yake. Bi Dama aliinua kiganja. Uani pakatulia.

"Maji yalikuwa baridi?" akamwuliza Ngowa.

"Baridi sana."

"Hakupenda baridi," Bi Dama akasema. "Haya, kaa. Mkeo akae hapa kwangu. Wazee wapange siku ya matanga, mimi siwezi kungoja tena."

Mirriam aliketi kando yake. Bi Dama hakumpa pole wala hakumtazama mdomoni. Alimsogezea mto wa kuegemea. Wazee walianza kubishana kuhusu siku, na kuhusu kama mtu asiye na kaburi awekewe matanga ya siku ngapi. Bi Dama hakuwasikiliza. Alimwashiria Kadzo.

"Wewe ndiwe unayechora? Mle kitabuni umemchora mgongo."

"Sikuujua uso wake, bibi."

"Mimi sina picha yake. Nilipewa karatasi yenye muhuri, basi. Mchore uso."

"Nitamchoraje nami sikumwona?"

"Sisi tulimwona." Akamgeuzia Ngowa lile sikio lake zima. "Njoo hapa, wewe uliyemtazama mwisho."

Kadzo akatoa daftari na penseli. Mzee akapiga magoti ukingoni mwa mkeka, kwa shida, na kazi ikaanza. Paji pana, Bi Dama akasema. Si pana hivyo, Ngowa akasema, ni kofia iliyolikuza. Hukumwona bila kofia! Nilimwona akioga kila siku, mama. Nyusi zilikutana? Kadzo akauliza. Zilikaribiana. Masikio? Madogo. Kovu lilikuwa juu ya jicho hili, Ngowa akasema. Hapana, hili, Bi Dama akasema, nililitia mimi mwenyewe kwa kijiti tukiwa watoto tunachunga mbuzi. Kadzo alifuta, akachora, akafuta. Watu waliacha kubishana kuhusu siku, wakaja kuzunguka mkeka. Hata Kingi alichungulia. Mapenzi alisimama nyuma ya mama yake, akiona baba yake akitokea kipande kipande, na kidevu kilipofika alijishika cha kwake.

"Hapo," Ngowa akasema ghafla. "Usiguse tena."

Kadzo alilichana lile jani la daftari, akampa Bi Dama. Bibi aliliweka mbali na macho, halafu karibu, halafu mbali tena. Yeye alikuwa na miaka sabini na moja. Wa kwenye karatasi alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Kumbe alikuwa kijana hivi," akasema. "Nilikuwa nimesahau."